Punje Nyeusi na Msimbo B49

Jalada lilikuwa jembamba. Mgonjwa alikuwa mkulima mwenye mguu uliovimba kwa miaka minne, na mahali pa kuandika utambuzi wa ugonjwa palikuwa na mstari mmoja tu: maambukizi ya fangasi, mguu wa kulia, kisha alama ya kuuliza. Daktari aliyeuandika alikuwa ameshahamia wodi nyingine. Wakati huo nilikuwa karani wa kumbukumbu za afya katika hospitali ya rufaa, na kazi yangu ilikuwa kuugeuza mstari ule uwe herufi na tarakimu ambazo zingeingia kwenye kompyuta, kisha kwenye taarifa ya mwezi, halafu zipande hadi wilayani, mkoani na wizarani. Nikaandika B49. Kwa yaliyokuwemo jaladani hapakuwa na msimbo mwingine ambao ningeweza kuutetea.

Katika toleo la 10 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, kitabu ambacho maofisini tunakiita ICD-10, magonjwa ya kuvu, yaani fangasi, yamepangwa kuanzia B35 hadi B49. Mwanzoni yamo yale ambayo kila mzazi anayajua kwa majina ya nyumbani: choa na mapunye yako B35, mba iko B36, utando mweupe mdomoni mwa mtoto mchanga uko B37. Kadiri unavyoshuka ndivyo unavyokutana na magonjwa ambayo tabibu anaweza kustaafu bila kuyaona zaidi ya mara moja au mbili: sporotrikosisi kwenye B42, kromomikosisi kwenye B43, miketoma kwenye B47, na B48 ambayo imekusanya yaliyokosa pa kukaa. Chini kabisa iko B49, maana yake ugonjwa wa kuvu ambao haukutajwa ni upi.

B49 si kosa. Ni msimbo halali, na mara nyingine ndio ukweli wote uliopo, kwa sababu mgonjwa alifariki kabla ya kupimwa au maabara haikuwa na vifaa. Inayonisumbua ni B49 inayoandikwa wakati jibu limo ndani ya jengo lilelile. Kipande cha nyama kinapelekwa maabara. Mtaalamu anakitazama kwa hadubini, anaandika alichokiona kwenye daftari lake. Majibu yanatoka baada ya wiki mbili au tatu, mgonjwa ameshakwenda nyumbani. Karatasi inabanwa nyuma ya jalada, au inakaa kwenye trei ya wodi mpaka inapotea, na hakuna anayeongeza neno kwenye ukurasa wa utambuzi. Karani anapolifungua jalada anakutana na mstari uleule wa siku ya kwanza, pamoja na alama yake ya kuuliza.

Watu wasio wa kazi hii huniuliza kwa nini karani asisome karatasi ya maabara akajaza mwenyewe. Sababu ni ya msingi, nami naikubali kwa moyo wote. Maabara huona kuvu. Daktari ndiye anayesema kama kuvu hiyo ndiyo inayomuuguza mtu. Kuvu zimejaa hewani, kwenye udongo, juu ya ngozi zetu, na nyingi zinaweza kuota kwenye sahani ya maabara pasipo kumdhuru aliyetolewa sampuli. Karani akianza kutambua magonjwa kutoka kwenye karatasi, takwimu za nchi zitajaa magonjwa ambayo hakuna aliyewahi kuugua. Marekani wameliweka hili katika miongozo yao ya uwekaji misimbo: kwa mgonjwa aliyelazwa, matokeo ya maabara peke yake hayapewi msimbo mpaka daktari aandike yana maana gani. Huko pia neno "huenda" lina uzito tofauti kulingana na mlango aliopitia mgonjwa. Aliyelazwa, ambaye daktari wake bado anaandika "huenda" siku ya kumruhusu, hupewa msimbo kana kwamba ugonjwa umethibitishwa. Wa nje hapewi, huandikiwa dalili zake tu. Kwa magonjwa ya kawaida tofauti hiyo humezwa na wingi wa wagonjwa. Kwa ugonjwa unaoonekana mara mbili kwa mwaka katika hospitali nzima, "huenda" moja inaweza kuongeza idadi kwa nusu au kuipunguza kwa nusu.

Kwa hiyo karani anategemea sentensi ya daktari, na hana cha kuweka badala yake. Baada ya miaka kadhaa katika chumba kile cha majalada nimefikia kuamini kwamba kwa kuvu adimu tunahangaika mno na msimbo na kuhangaika kidogo mno na sentensi. Misimbo hubadilika kwa sababu elimu ya kuvu yenyewe inabadilika. Maelezo ya kilichoonekana hubaki, na yeyote atakayekuja baadaye anaweza kuyapa msimbo wa zama zake. Jalada lenye msimbo bila maelezo halina njia ya kurudi.

Ushahidi wa jambo hili upo Kampala. Mwaka 1964 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago ambaye jina lake lilibaki kwenye saratani ya taya za watoto, alichapisha pamoja na wenzake wawili maelezo ya wagonjwa 31 walioonekana Uganda. Ugonjwa wenyewe huwapata zaidi watoto: uvimbe mgumu chini ya ngozi, usiouma, unaotambaa polepole pajani, takoni au kiwiliwilini, na ukingo wake unaweza kushikika kwa vidole kama ukingo wa sahani iliyozikwa ndani ya nyama. Kuvu inayouleta, Basidiobolus, huishi katika kinyesi cha mijusi na vyura. Dawa iliyotumika zaidi ilikuwa potasiamu iodaidi, myeyusho wa bei ndogo wa kunywa.

Ugonjwa ule waliuita fikomikosisi ya chini ya ngozi, kwa kuwa wakati huo kuvu za jamii ile ziliitwa fikomiseti. Jina hilo wanasayansi wakalitupa. Likaja zaigomikosisi, na ICD-10 ikaufungia ugonjwa wa watoto wale ndani ya B46.8, fungu la "nyingine", katika nyumba moja na mukomikosisi, ambayo ni ugonjwa wa tabia tofauti kabisa: huwashika wenye kisukari kisichodhibitiwa na wenye kinga iliyoporomoka, hula pua, macho na ubongo, na huua kwa siku chache. Jamii ya zaigomiseti nayo ikavunjwa. Leo toleo la 11 limeupa ugonjwa wa Burkitt nambari yake, 1F21, kwa jina la basidiobolomikosisi. Ni majina matatu katika uhai wa mtu mmoja. Hata hivyo daktari wa leo akisoma maelezo ya 1964 anajua watoto wale waliugua nini, kwa sababu walioandika walieleza uvimbe ulivyo, ulipo, uliota kwa muda gani na nini kilionekana kwenye hadubini. Lau wangeacha jina peke yake, tusingeweza kumtenga mtoto aliyepona kwa dawa ya kunywa na mtu mzima aliyekufa kwa mukomikosisi.

Ninataja hili kwa sababu kuna dhana kwamba kitabu cha misimbo ni kama msahafu, na kwamba daktari akishaandika nambari sahihi amemaliza wajibu. Kitabu chenyewe kinabeba makosa ya waliokitangulia. Kuvu ya Pneumocystis, inayoleta nimonia ya hatari kwa wenye VVU, ilidhaniwa kwa miongo mingi kuwa protozoa, ndugu wa mbali wa vimelea vya malaria. Mwaka 1988 uchunguzi wa chembe za urithi ulionyesha kuwa ni kuvu. ICD-10 iliidhinishwa mwaka 1990, na bado ikauweka ugonjwa huo B59, katikati ya magonjwa ya protozoa. Shirika la Afya Duniani baadaye liliuhamishia kwenye kuvu, B48.5, lakini toleo linalotumika Marekani bado limeuacha B59. Upande wa pili yupo Rhinosporidium, anayeotesha vinyama vyekundu puani, aliyewekwa B48.1 kati ya kuvu, na ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 inajulikana kuwa si kuvu. Anayehesabu magonjwa ya kuvu kwa kufuata B35 hadi B49 katika toleo lile la awali anaacha kuvu moja nje ya zizi na anamwingiza mgeni ndani.

Histoplasmosisi imebeba kosa ndani ya jina lake. Samuel Darling, daktari Mmarekani aliyekuwa kwenye ujenzi wa Mfereji wa Panama, aliuona ugonjwa huu mara ya kwanza kati ya 1905 na 1906 katika maiti ya kibarua kutoka Martinique. Alidhani ameona kimelea cha jamii ya protozoa, na alidhani kina ganda. Akakiita Histoplasma capsulatum. Si protozoa, na hakina ganda. Jina halikubadilishwa. Ila Darling alieleza kwa makini alichokiona ndani ya chembe za mapafu, ini na wengu, na maelezo hayo ndiyo yaliyomwezesha Henrique da Rocha Lima, miaka michache baadaye, kusema kwamba kile kinafanana na kuvu.

Narudi kwenye mguu wa mkulima, maana hapo ndipo sentensi ya daktari inapoamua zaidi ya takwimu.

Miketoma huanza na mwiba. Mtu anatembea peku shambani au machungani, kuvu au bakteria wa udongoni anaingia pamoja na mwiba, na miezi au miaka baadaye mguu unavimba bila maumivu makubwa. Vinatokea vijitundu vinavyotoa usaha, na ndani ya usaha zimo punje ndogo unazoweza kuziona kwa macho. Kwa kuwa hauumi sana, mgonjwa huendelea kulima. Anapofika hospitali mara nyingi mifupa imeshaliwa. Ukanda wa miketoma huchorwa duniani kutoka latitudo ya 15 kusini hadi ya 30 kaskazini. Kenya na Tanzania zote zimo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2016, na mwaka uliofuata likaongeza kromoblastomikosisi na kuvu nyingine za kina.

ICD-10 ina nafasi tatu kwa ajili yake. B47.0 ni eumiketoma, inayoletwa na kuvu. B47.1 ni aktinomiketoma, inayoletwa na bakteria, ingawa imo katika sura ya kuvu. B47.9 ni miketoma isiyotajwa. Ukitazama mguu kwa nje huwezi kuzitofautisha kwa uhakika. Tiba zao haziingiliani hata kidogo. Ya bakteria hutibiwa kwa antibayotiki, kotrimoksazoli ikiwemo, na wengi hupona mguu ukiwa umebaki. Ya kuvu inahitaji dawa za kuvu kama itrakonazoli kwa mwaka mzima au zaidi, pamoja na upasuaji, na mara nyingi sana huishia kwenye kukatwa kiungo. Mgonjwa wa bakteria akiandikiwa "fangasi" anaweza kumeza itrakonazoli ya fedha zake mwaka mzima bila faida yoyote. Wa kuvu akipewa antibayotiki, mguu unaendelea kuoza.

Punje husaidia. Madurella mycetomatis, kuvu inayotawala Sudan, hutoa punje nyeusi. Actinomadura pelletieri, ambaye ni bakteria, hutoa nyekundu. Streptomyces somaliensis, bakteria pia, ana punje za manjano na ngumu. Nyeupe zina utata, kwa kuwa zipo za kuvu na zipo za bakteria, na hapo ni lazima hadubini iseme kama nyuzi ni nene za kuvu au nyembamba za bakteria. Rangi ya punje inaandikwa kwa neno moja. Haihitaji mashine wala umeme. Inahitaji muuguzi anayebadilisha bandeji kuitazama na kuiandika. Nimepitia majalada mengi ya miguu iliyovimba, na neno hilo nimelikuta mara chache kiasi kwamba nayakumbuka majalada yenyewe.

Kama kuna mahali palipoelewa thamani ya neno hilo, palikuwa Khartoum. Kituo cha Utafiti wa Miketoma kilichoanzishwa huko mwaka 1991 chini ya Profesa Ahmed Hassan Fahal kilikuwa kikipokea maelfu ya wagonjwa, na kila mmoja alifunguliwa kumbukumbu: kijiji, kazi, mguu upi, punje za rangi gani, alipona au alikatwa. Jaribio la kwanza la kulinganisha dawa mbili za eumiketoma kwa njia ya kisayansi, fosravukonazoli na itrakonazoli, lilifanyika hapo, na lingefanyikia wapi kwingine, wakati hakuna mahali pengine palipokuwa na wagonjwa waliothibitishwa na kuandikwa kwa idadi ya kutosha? Vita vilipoanza Aprili 2023 kituo kilikuwa ndani ya mji wa mapigano. Mwaka 2025 ilithibitika kuwa kimebomolewa, na hazina yake ya sampuli pamoja na taarifa za miongo kadhaa zimepotea. Niliposoma habari ile nilikaa kimya muda mrefu. Majengo yatajengwa upya siku moja. Wakulima wa Sudan waliofika pale miaka ya nyuma, wakaeleza mwiba uliwachoma wapi, hawataulizwa tena.

Sasa twende kifuani, kwa sababu huko kuvu adimu hupotea kwa njia nyingine: haiandikwi B49, inaandikwa kwa jina la ugonjwa mwingine.

Mwaka 1960 watafiti walichapisha taarifa kwamba Histoplasma ipo katika mapango ya Amboni, karibu na Tanga. Kuvu hii hustawi kwenye udongo wenye kinyesi cha popo na ndege, na mtu huivuta kwa pumzi vumbi likitimka. Wengi hawaugui. Mwenye kinga dhaifu hupata homa ndefu, hukonda, hukohoa, tezi na ini huvimba. Yeyote aliyefanya kazi katika hospitali zetu anajua orodha hiyo inaitwaje: kifua kikuu. Makohozi yakipimwa na kukosa vimelea, mgonjwa bado ataanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa dalili na picha ya kifua, na sidhani kama daktari anayefanya hivyo anastahili lawama. Kifua kikuu ndicho kilicho kingi, na kumchelewesha mgonjwa wake ni hatari. Lakini asiposikia nafuu baada ya miezi miwili, jalada huandikwa "sugu kwa dawa" au "hakumeza dawa vizuri". Watafiti waliochunguza baadaye damu na mikojo ya watu waliolazwa na homa katika hospitali za Moshi mwaka 2007 na 2008 walikuta histoplasmosisi kwa takriban mmoja katika kila wagonjwa mia. Majalada yao yalitaja magonjwa mengine, kifua kikuu na nimonia yakiwemo. Mmoja katika mia si wengi, lakini katika wodi yenye homa kila siku ya mwaka ni watu tunaokutana nao.

Ipo pia histoplasmosisi ya Kiafrika, inayoletwa na aina iitwayo duboisii, kwa heshima ya daktari Mbelgiji Albert Dubois, na iliyoelezwa mwaka 1952 kutokana na mgonjwa wa Kongo. Hii hupenda ngozi, mifupa na tezi kuliko mapafu. ICD-10 imeipa nambari yake, B39.5. Ninaiheshimu nambari hiyo kwa sababu ni miongoni mwa chache katika sura nzima zilizotokana na wagonjwa wa bara hili. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuiandika. Siamini kwamba hakuna hata mmoja aliyepita mlangoni kwetu.

Kwa wenye VVU upotevu unaingia hadi ndani ya kanuni. ICD-10 inataka kifo cha mwenye VVU aliyeuawa na ugonjwa nyemelezi kihesabiwe kwenye B20, na vijigawanyo vyake vya kuvu ni vitatu: B20.4 ni kandida, B20.6 ni nimonia ya Pneumocystis, na B20.5 ni kuvu nyingine zote. Homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka, ambayo kwa makadirio ya mwaka 2020 ilikuwa ikiua watu wapatao 112,000 wenye VVU duniani kwa mwaka, inaingia kwenye "nyingine". Histoplasmosisi inaingia humohumo. Karani mwangalifu anaweza kuongeza B45.1 yenye alama ya msalaba kwa kriptokoka ya ubongo, na pembeni G02.1 yenye alama ya nyota inayoonyesha kwamba kilichoshambuliwa ni utando wa ubongo. Msalaba kwa chanzo, nyota kwa kilichoumia: mpangilio huo ni mzuri na ninaupenda. Lakini hesabu za vifo huchukua chanzo kimoja tu, na chanzo hicho ni B20.5, ambapo wafu wa kuvu mbili tofauti wanalala chini ya nambari moja.

Hapa ndipo hasara inapogeuka kuwa ya mgonjwa anayekuja kesho. Shirika la Afya Duniani liliongeza itrakonazoli kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017, na kipimo cha Histoplasma kwenye orodha ya vipimo muhimu mwaka 2019. Oktoba 2022 likatoa orodha ya kuvu 19 za kupewa kipaumbele, na humo Histoplasma na zile za eumiketoma zimewekwa daraja la juu la pili. Orodha za shirika hilo haziagizi dawa. Anayeagiza ni mfamasia wa hospitali, naye anaomba kwa kuangalia alichotumia na wagonjwa walioandikwa. Safu ya "magonjwa mengine" kwenye taarifa ya mwezi haimwambii aombe nini. Nimemwona mfamasia hodari, mtu anayejali, akishindwa kumshawishi bosi wake kununua itrakonazoli ya kutosha wagonjwa wawili, kwa sababu kwenye kompyuta wagonjwa hao hawakuwepo.

Toleo la 11, lililoanza rasmi tarehe 1 Januari 2022, limetengeneza mengi. Eumiketoma iko 1F29 kati ya kuvu. Aktinomiketoma imerudishwa kwa bakteria wenzake, 1C43. Kromoblastomikosisi imetenganishwa na jipu la kuvu nyeusi, ambavyo zamani vilibanwa pamoja B43. Pneumocystis iko nyumbani kwake. Unaweza pia kuunganisha misimbo, ukasema ugonjwa, kiungo na kisababishi katika mfuatano mmoja. Nafurahia kazi hiyo, na wanaosema ni mzigo mwingine kwa nchi maskini sikubaliani nao. Ninachokiogopa ni kwamba tutanunua kompyuta, tutafundisha makarani semina ya siku tano, na daktari ataendelea kuandika "fangasi" na alama ya kuuliza. Kadiri kitabu kinavyodai undani zaidi, ndivyo mstari mmoja unavyotupeleka haraka zaidi kwenye fungu la "isiyotajwa".

Sentensi ninayoiomba si ndefu. Kiungo na upande. Muda tangu kuanza. Kilichoonekana kwa macho, na rangi yake. Kilichoonekana kwa hadubini, au kwamba hakikupimwa, maana "hakikupimwa" ni taarifa kamili na ina thamani kubwa kuliko nafasi tupu. Kuvu ikijulikana, jina lake lote la Kilatini. Hali iliyoifungulia mlango, iwe VVU, kisukari, dawa za kupunguza kinga, au mwiba. Kisha neno moja la msimamo: imethibitishwa, huenda, au inashukiwa. Majibu yakija baadaye, mstari wa nyongeza wenye tarehe na saini. Daktari mwenye wagonjwa 60 asubuhi moja ataniambia hana muda, na ni kweli hana. Namwomba kwa wale wawili wa mwaka mzima.

Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, madaktari walifanya hivyo kwa watu karibu 3,000. Kati ya 1941 na 1944 wachimbaji walitokwa na vidonda vilivyopanda mkononi au mguuni kwa mstari, na badala ya kuviita vidonda tu, waliviandika na kuchunguza vilikotoka. Uchunguzi ukawaelekeza kwenye magogo ya kuegemezea kuta za migodi, ambamo kuvu ya Sporothrix ilikuwa imeota. Magogo yakapakwa dawa ya kuua kuvu, wagonjwa wakapewa potasiamu iodaidi, na mlipuko ukaisha.

Mkulima wangu nilimkuta tena kwa bahati. Wiki kadhaa baadaye nilishuka maabara kutafuta jibu la mgonjwa mwingine, na nilipokuwa nikipitisha kidole kwenye daftari niliiona nambari yake ya jalada. Mbele yake mwandiko mdogo na safi: punje nyeusi, ngumu, nyuzi nene za kuvu zimeonekana. Nikamwuliza fundi wa maabara majibu yale yalikwenda wapi. "Dada, hayo yalishatoka siku nyingi," akasema, na akanionyesha saini ya aliyeyachukua. Nikanakili, nikapanda ghorofani, nikamngoja daktari amalize raundi.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba." Aliisoma karatasi akiwa amesimama. Akaomba jalada, akavuta kiti, akaandika mistari mitatu, tarehe na saini, kisha akaandika barua ya kumwita mgonjwa arudi kliniki. Niliporudi mezani kwangu niliikata B49 kwa mstari mmoja wa kalamu, ibaki inasomeka kama taratibu zinavyotaka, na pembeni nikaandika B47.0. Taarifa ya mwezi ule ilikuwa imeshatumwa.